Somo la Majaribio, Ghorofa ya Tatu

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye kicheni pati ya binti wa Mama Shadya. Mshereheshaji alikuwa bado anaita meza ya mashangazi wakati Mama Shadya mwenyewe aliponyakua kipaza sauti, akaninyooshea kidole nilipokuwa nimejibanza nyuma ya keki, akatangaza, "Yule pale anayekagua kama feni ya juu imefungwa vizuri ndiye mwalimu wangu. Mnamwona alivyo mpole? Siku ya kwanza tu kukutana alinivunjia heshima mbele ya darasa zima!" Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Nilisimama, nikapunga mkono, nikakaa, kisha nikatumia muda wote wa chakula kujiuliza kama mkono niliopunga ulikuwa wa kushoto. Umri haujaniponya. Nina mvi chache ambazo wanangu wanazishangilia kila zinapoongezeka, na bado kila ninapopanda ngazi kuelekea darasa nisilolijua hukagua zipu, hukagua chaki, halafu hukagua zipu tena. Lakini alilosema Mama Shadya ni kweli, na tangu siku ile nimekuwa nikirudi kwenye mwaka mmoja wa ujana wangu, mwaka niliozunguka Dar es Salaam nikifundisha watu ambao hawakuwa na haja ya kujifunza chochote kutoka kwangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, shahada ya ualimu wa jiografia na hisabati, na nusu ya chumba Magomeni. Nusu, kwa sababu chumba kilikuwa cha Betina, rafiki yangu tangu tukiwa sekondari Masasi, ambaye yeye alishapata kazi kwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Nyumba ilikuwa ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati, na uani majiko yamepangwa kila mpangaji na lake. Ukuta haukufika kwenye bati, kwa hiyo aliyekaanga samaki alikuwa amewakaangia harufu wote, na aliyegombana na mumewe alikuwa amewagombanishia wote. Asubuhi Betina akishaondoka, nilikuwa nafunga pazia, nalifundisha kabati lake lenye kioo. Siku moja nililiuliza kabati kwa sauti ya darasani, "Nani atanitajia sababu moja ya mmomonyoko wa udongo?" Mama wa chumba cha tatu akajibu kutoka uani, kijiko kikigonga sufuria, "Mvua, mwalimu! Tena mwaka huu itaondoka na choo chetu!" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaanza kufikiri: jibu lake lilikuwa sahihi, lakini je, ningelipokeaje darasani? Ningesema vizuri sana, au ningesema vizuri tu? Betina aliporudi jioni alinikuta na swali hilohilo. Aliweka mfuko wa chipsi mayai juu ya kitanda, akavua viatu, akaniambia, "Somoe, wewe unafikiria, ukimaliza unafikiria ulivyofikiria. Kula kwanza."

Kwa wasioujua utaratibu ule, shule binafsi za mjini hazikuwa zinaajiri kwa vyeti peke yake. Vyeti vilikufikisha mlangoni tu. Baada ya hapo uliitwa kwa somo la majaribio: unapewa mada, unapewa ubao, unafundisha huku wenye shule wakikutazama na kuandika. La kwanza nililipata kwenye shule moja ambayo sitaitaja, na nilikuta chumba kina wazee watatu wamekaa ukutani na viti arobaini vitupu. "Wachukulie hao viti ndiyo wanafunzi," mmoja akaniambia bila kutabasamu. Nikavisalimia viti. Vilipokaa kimya nikadhani nimevikosea heshima, nikavisalimia tena. Katikati ya somo nilimwita kiti wa nyuma ajibu swali, nikamsubiri, nikampongeza. Hawakunipigia simu. Kwenye shule ya pili walikuwa wamebadilisha mbinu: walimu wenyewe walikaa kwenye madawati wakajifanya watoto wa kidato cha kwanza. Makamu mkuu wa shule, mtu mzima mwenye kitambi na tai, alinyoosha kidole akalia kwa sauti nyembamba, "Madam, huyu amenichukulia peni yangu!" Mwingine akaomba kwenda chooni mara mbili. Mimi niliwachukulia kama watoto kweli, nikamtuma makamu mkuu akapige magoti kwenye kona. Alienda, lazima nimsifu kwa hilo. Baadaye waliniambia nimeshindwa kutambua kwamba lile lilikuwa igizo, na mwalimu anayestahili angecheka nao kidogo ili kuonyesha anajiamini. Nililiweka hilo moyoni. Nilijiapia kwamba mtu mzima akijifanya mwanafunzi mbele yangu tena, nitamtambua mapema na nitacheka naye.

Ikafika Oktoba. Betina hakuwahi kunilalamikia, lakini bosi wake alikuwa anatafuta mtu wa kuingiza taarifa za makontena kwenye kompyuta, na Betina alinisemea. Aliniambia tukiwa uani, yeye akisonga ugali, mimi nikichambua dagaa. "Ni kazi ya kiti, Somoe. Ofisi ina kiyoyozi. Unaandika namba ya kontena, unaandika meli, basi, hakuna anayekukagua unavyosalimia. Bosi anataka jibu Jumamosi saa sita mchana. Ukikubali unaanza Jumatatu." Nilikuwa namjua Betina vizuri kiasi cha kujua kwamba hakuwa ananisukuma, alikuwa ananifungulia mlango na kuushikilia kwa mguu usijifunge. Na nilijijua mimi pia. Nikishaingia kwenye kiyoyozi kile, mahali ambapo hakuna anayenitazama nikifikiri, nisingetoka tena. Tatizo ni kwamba Jumamosi hiyohiyo asubuhi nilikuwa na somo la majaribio Kariakoo, kwenye chuo cha ufundi wa kushona kilichotafuta mwalimu wa hesabu na vipimo. Mada niliyopewa kwa simu ilikuwa skeli. "Basi," alisema Betina, akipiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, "kafundishe hao. Wakikukataa, nipigie, nitamwambia bosi ndiyo. Wakikukubali, nipigie, nitamwambia hapana. Lakini usije ukanipigia saa sita kuniambia bado unafikiri, maana nitakuhamisha chumba."

Chuo kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la jumla la vitenge. Leo pale ni stoo ya viatu, nimepita nikaona, na Mama Kusum aliyekuwa na chuo hicho hayupo tena duniani. Lakini nikifumba macho ngazi zile bado nazipanda: chini kabisa marobota ya vitambaa vipya yakinuka wanga, wapagazi wakipiga kelele "Pisha mzigo, dada, pisha!", kipaza sauti cha mmachinga kikirudia bei ileile kwa sauti ileile kama kasuku, ghorofa ya kwanza wauza vifungo na uzi, ya pili mlango uliofungwa daima ulionuka ubani, ya tatu ndipo ulipoanza kusikia cherehani, nyingi kwa pamoja. Karani wa mapokezi aliniambia mama mwenye chuo hayupo ila nianze tu, ndivyo alivyoagiza. Akanong'ona pia, kwa wema, kwamba Jumamosi iliyopita alikuja kaka mmoja na projekta, suti na manukato, akafundisha kundi jingine mpaka wakampigia makofi. Ilikuwa kama amenimwagia maji ya baridi mgongoni. Mimi nilikuwa na chaki mbili na andalio la somo la kurasa saba, lenye dakika za kila kitu, pamoja na dakika moja niliyoitengea kicheko.

Darasani kulikuwa na watu kumi na wawili, karibu wote wakubwa kuliko mimi. Wanawake wa madera na mitandio, vijana wawili wenye futi kamba shingoni, meza ndefu iliyotandazwa karatasi za kaki za kukatia vielelezo. Wote walinitazama kwa utulivu uliozidi, na mimi, mwenye busara niliyoipata kwa makamu mkuu, nikawatambua papo hapo: hawa ni walimu wa chuo, wanaigiza. Niliwasalimia wakubwa shikamoo kwanza, maana hata igizo lina mipaka, wakaitikia marahaba. Nikachora sketi ubaoni, ndogo, nikaeleza kwamba sentimita moja kwenye karatasi ni sawa na sentimita kumi kwenye kitambaa. Nikaandika moja, nukta mbili, kumi. Mama mmoja wa mbele, mnene, mwenye hina mpaka kwenye viganja, akainua mkono. Alikuwa Mama Shadya, ambaye wakati huo alikuwa anauza madera ya watu barabarani na alitaka kuyashona mwenyewe. Lakini hayo sikuyajua. "Mwalimu, samahani," akasema. "Hiyo moja ni ya nani na hiyo kumi ni ya nani?"

Nikafurahi. Nilikuwa nalisubiri swali la namna hiyo. Nikatabasamu, nikacheka kile kicheko changu cha dakika moja, nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejiamini, "Mama, hongera! Umeigiza vizuri sana. Yaani ungenipata kabisa!"

Cherehani ya chumba cha jirani ikanyamaza kana kwamba inasikiliza. "Nimeigiza nini?" akauliza Mama Shadya. Nikasema, "Kutoelewa." Akageuka kuwatazama wenzake, akanigeukia tena. "Mwanangu, mimi sijaelewa kweli. Tangu mwezi wa sita sijaelewa. Hapa nakaa mbele ili nisielewe kwa karibu." Darasa likapasuka. Kijana mmoja wa futi kamba aliinamia meza akawa anaipiga kwa kiganja. "Mwalimu," akasema alipopata pumzi, "sisi ni wanafunzi. Wanafunzi kabisa. Huyu mama haigizi, ndivyo alivyo!" "Nyamaza wewe," Mama Shadya akamwambia, "mwenyewe juzi umeshona suruali ya miguu miwili ya kushoto." Mimi nilikuwa nimeshika chaki, uso unaniwaka, na kurasa zote saba zilikuwa zimenitoka kichwani kwa mpigo. Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi na bado naamini kilichoniokoa ni hicho: kwamba kwa mara ya kwanza mwaka mzima sikuwa na kitu cha kufikiri. Palikuwa na mama amekaa mbele yangu, hajaelewa, na anataka kuelewa. Nilikuwa sijawahi kukutana na mtu wa namna hiyo tangu nimalize chuo kikuu.

Nikaweka chaki chini, nikamwomba radhi, nikakaa kwenye benchi kando yake. Nikamwuliza kama ana simu ya picha. Alikuwa nayo, kubwa kuliko yangu. "Tukikupiga picha," nikamwambia, "kutakuwa na wewe wa kwenye simu na wewe uliyekaa hapa. Yule mdogo, wewe mkubwa. Lakini atakuwa wewe?" "Atakuwa mimi," akasema, "ila ajitengeneze kwanza." Akafunga mtandio upya, akapaka rangi ya mdomo aliyoiazima kwa jirani. Kijana wa futi kamba akashika simu. Tukampima mkono, kuanzia begani mpaka kifundoni, tukapata sentimita hamsini. Kazi ikawa kumfanya yule wa kwenye simu awe na mkono wa sentimita tano. Mmoja anapima kwa rula juu ya kioo, wengine wanaelekeza. "Rudi nyuma! Rudi! Umezidi, amekuwa kama sisimizi, sogea!" Benchi zikasukumwa, karatasi za kaki zikakanyagwa, watu wa chumba cha jirani wakaja kuchungulia. Picha ilipokubali hatimaye, Mama Shadya aliiangalia akalalamika, "Mbona mmenikata miguu?" Nikamwonyesha: yule wa kwenye simu mkono wake tano, wako hamsini. Moja ya kwake ni kumi ya kwako. "Ya kwake moja, ya kwangu kumi," akasema polepole. "Na shingo?" "Pima." Akapima. Akapima na upana wa bega, na urefu wa hereni, akiitikia kwa kichwa kila jibu lilipokuja kama alivyolitegemea. "Kumbe kila kitu kinapungua kwa haki," akasema. "Hakuna kinachoonewa." Neno hilo nimelitumia darasani tangu siku ile na sijapata bora yake.

Hapo ndipo mlango ulipofunguka akaingia Mama Kusum, mwanamke mdogo wa mwili, sari ya rangi ya zafarani, miwani imening'inia kwa mnyororo, mkononi mfuko wa bhajia zenye moto bado. Familia yao ilikuwa Kariakoo tangu babu yake, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo hasa, cha mtu asiyekubali kupunjwa. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akatazama benchi zilizopinduka. "Umemaliza?" Nikasema bado, nina sehemu ya pili. "Umemaliza," akasema. "Sasa toka nje, ukae kwenye benchi la koridoni, unywe chai. Usaili wako ndiyo unaanza." Nikamwambia nilidhani usaili ndiyo ule niliofanya. "Ule wa kwako. Huo mimi siuangalii, nikiuangalia nitapenda nguo yako au nitachukia sauti yako. Kuongea kila mtu anajua, Kariakoo yote inaongea. Mimi sijui skeli ni nini. Mwanafunzi wako mmoja atanifundisha. Nikielewa, wewe ni mwalimu. Na ukitia mguu humu ndani kabla sijakuita, endelea moja kwa moja na ngazi mpaka chini."

Ukuta wa korido ulikuwa wa matofali ya matundu, yale ya kupitisha hewa, kwa hiyo nilikaa na kikombe cha chai ya tangawizi na sahani ya bhajia mapajani, nikasikia kila kitu. Nilisikia Mama Kusum akizunguka meza. Baadaye niligundua alikuwa na kawaida ya kumchagua anayetazama chini. "Wewe, Mama Shadya." Nikafumba macho. Kati ya watu kumi na wawili! Nilimvunjia heshima mtu mmoja tu tangu asubuhi, na huyo ndiye aliyekabidhiwa maisha yangu. Saa ya ukutani kwa karani ilionyesha saa tano na nusu. Betina alikuwa mezani kwake bandarini, simu kando, bosi chumba cha pili. Nikaanza kujiandaa kwa kiyoyozi. Nikawaza hata nguo ya kuvaa Jumatatu, na kama mtu wa makontena anahitaji kuvaa soksi.

"Mama Kusum, kaa hapa," nilimsikia Mama Shadya akisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa na adabu fulani ya kuchekesha, na nilipotambua ni yangu nilikaribia kumwaga chai. "Shikamoo. Kwanza kabisa tupige picha." Kukawa na vicheko, na Mama Kusum akisema yeye hapigwi picha bila kuchana nywele, na kitana kikatafutwa. Wakamrudisha nyuma, wakamsogeza, wakampima mkono. Mama Shadya akaeleza moja ni ya nani na kumi ni ya nani, kwa maneno ambayo mengi hayakuwa yangu, moja likiwa, "Huyu wa kwenye simu anakula kipande kimoja, wewe unakula vipande kumi, na wote mnashiba sawa." Nilitaka kuingia kurekebisha. Nikasikiliza tena, nikaona hakuna cha kurekebisha.

Ndipo Mama Kusum akauliza. "Haya, nimeelewa ya mkono. Mimi nina sari yangu nyumbani, mita sita. Nataka kuichora kwenye daftari kwa hiyo skeli yako ya kumi. Nichore."

"Unaigiza vizuri, mama," akasema Mama Shadya, na darasa likacheka, lakini kicheko chake mwenyewe kiliisha mapema. Nilijua kwa nini. Kutoka kitambaa kwenda karatasi ilikuwa ndiyo ile sehemu ya pili, niliyoiandalia ukurasa wa tano na wa sita, na sikuifikia kwa sababu ya mambo ya rudi nyuma, sogea mbele. Nilisikia chaki ikigonga ubao. Akapata sentimita sitini, hilo alilipata. Kisha rula ikawekwa kwenye daftari, nikasikia mtu akinong'ona, "Haitoshi." Mama Shadya akakiri: "Haiingii, Mama Kusum. Daftari ni dogo." "Kwa hiyo?" Nikasikia rula ikisogezwa huku na huku. Nilikuwa nimesimama bila kujijua, sahani ya bhajia imebaki kwenye benchi, mkono wangu uko kwenye komeo la mlango. Jibu lilikuwa maneno matatu tu. Ningeweza kukohoa kwa namna fulani. Ningeweza kudondosha kikombe. Nilikuwa nafikiri haraka kuliko nilivyowahi kufikiri, na karani wa mapokezi alikuwa amesimamisha kazi ananitazama, anatingisha kichwa taratibu: usiingie, dada.

Nikaushika mlango ule nisiufungue. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya mwaka ule, na mpaka leo, nikiwa na mwanafunzi amekwama mbele yangu na jibu linaniwasha ulimini, naishika meza vilevile.

"Subirini," nikamsikia Mama Shadya. Sasa sauti ilikuwa yake mwenyewe, ya barabarani. "Subirini kwanza. Mimi pale sikuingia miguu kwenye simu. Si ndiyo? Sikuingia kwa sababu mpiga picha alisimama karibu. Sasa mngetaka niingie mzima, mngefanyaje?" "Tungerudi nyuma," sauti kama tatu zikajibu. "Basi na sari turudi nyuma! Kumi ni karibu mno. Tuifanye ishirini." Chaki ikakimbia. "Ishirini ni sentimita thelathini, haiingii. Rudi tena! Thelathini... thelathini ni sentimita ishirini. Leta rula. Leta!" Nikasikia daftari likifunguliwa, nikasikia rula ikilala, halafu ukatoka mlio ambao siwezi kuuandika, wanawake kumi wakipiga vigelegele kwa pamoja na kijana wa futi kamba akigonga meza, na Mama Kusum akisema juu ya sauti zote, "Inaingia! Na inabaki nafasi ya jina langu!"

Alifungua mlango mwenyewe, nikabaki na mkono hewani mahali komeo lilipokuwa. Alikuwa na chaki kwenye sari, kwenye miwani, na kidogo kwenye pua. "Umesikia?" Nikasema nimesikia. "Hiyo ya kurudi nyuma, ulimfundisha wewe?" Nilijua jibu linalofaa. Nililiona limekaa pale kama bhajia kwenye sahani, ni kulichukua tu. Lakini nyuma yake Mama Shadya alikuwa amesimama ubaoni, anajifuta jasho kwa ncha ya mtandio, uso mzima umemjaa furaha ambayo sikuweza kuigusa. "Hapana, mama," nikasema. "Hiyo hata mimi nimeisikia leo." "Yule kaka wa projekta," Mama Kusum akasema, "mwanafunzi wake alinisomea somo lote kama taarifa ya habari. Hakukosea neno. Nikamwuliza ya sari, akaniambia hiyo haikuwemo." Akavua miwani, akaifuta, akafanikiwa tu kusambaza chaki. "Kuna kundi la mafundi mapazia linaingia sasa hivi, nao hawajui moja ni ya nani. Unaweza kuanza nao leo, au unataka ukae kwanza utafakari?"

Simu yangu ikaita kabla sijajibu. Alikuwa Betina, na ilikuwa saa sita. "Niambie neno moja," akasema kwa sauti ya chini, "bosi amesimama hapa." Koridoni wanafunzi walikuwa wanamiminika kwenda kwenye bhajia zangu, Mama Shadya akiwaonya waniachie hata moja. Nikamwambia Betina amwambie hapana. "Umefikiria vizuri?" akauliza. Nikasema sijapata nafasi, nina kipindi. Betina akapiga kigelegele katikati ya ofisi ya watu, kirefu, cha harusini, na nyuma yake nikasikia sauti ya mwanamume ikiuliza kwa matumaini makubwa kama lile kontena lililopotea limepatikana.